Fungueni Kamba Kwanza

Hodi za usiku nimezizoea mpaka nazitambua kabla sijawasha taa. Hodi ya uchungu wa uzazi huja na wanawake wawili watatu, wananong'ona, na mmoja hugonga dirisha la chumba changu kwa kucha. Hodi ya homa ya mtoto ni ya mama peke yake, anagonga huku anabembeleza. Ile nyingine haina hodi. Unasikia miguu mingi ikipanda njia ya zahanati, vishindo vya mabuti ya mpira, wanaume wanaamrishana, mwanga wa tochi unacheza kwenye migomba, halafu kimya. Hakuna anayegonga. Kila mmoja anamngoja mwenzake aseme, kwa sababu tatizo walilolibeba hawajui waliite nini.

Usiku ninaousimulia ulikuwa wa masika, saa nane na nusu, ukungu umeshuka mpaka huoni mti wa pili. Walikuwa wanaume saba. Katikati yao, kwenye machela ya miti miwili na blanketi, alikuwa kijana wa miaka 23 aliyerudi nyumbani, hapa kwetu Mhezi kwenye milima ya Upare, wiki mbili kabla kutoka machimbo ya Mererani. Walikuwa wamemfunga mikono kwa nyuma, na miguu pia. Kamba ilikuwa ya katani, hii hii ya mashamba ya huko tambarare. Ni kamba nzuri kwa ng'ombe. Kwenye ngozi ya mtu anayejitupatupa inakata, na viganja vyake vilikuwa vimeshaanza kubadilika rangi.

Nilisema neno ambalo sasa ndilo ninaloanza nalo kila mara. "Fungueni kamba kwanza."

"Nesi, atatuua," alijibu baba yake mdogo. Alikuwa na damu mdomoni.

"Shikamoo baba," nikamwambia.

Alinitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Nilimwamkia kwa makusudi. Mtu mzima akiamkiwa, hata saa nane za usiku, hata akiwa na hasira na woga, ulimi wake huitikia marahaba wenyewe, na anayeitikia marahaba hushusha mabega kidogo. Nikawaamkia wote wanaonizidi umri, mmoja mmoja. Nilipomaliza, sauti ikatoka kwenye machela, kavu, imekwaruza kwa kelele za siku nne: "Shikamoo mama."

Hapo nilijua bado yupo. Siku nne hakulala, amevunja madirisha ya nyumba ya baba yake, amewaona watu wa Mererani wakimfuata ndani ya ukuta, lakini adabu aliyofundishwa na mama yake ilikuwa ingali imesimama. "Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Kati ya hawa wote, unamwamini nani?" Alimtaja mjomba wake. Nikawaomba wengine watoke barazani, nikambakiza mjomba. Tukafungua miguu kwanza, tukangoja. Kisha mikono. Hakumpiga mtu. Alikuwa amechoka kuliko sisi sote, na alichokuwa akipigana nacho muda wote ule kilikuwa kamba.

Sisemi kwamba kila mara huwa hivyo. Nimewahi kupigwa, na upande wa kushoto wa taya langu huniuma kukiwa na baridi kali. Kuna wagonjwa ambao bila watu wanne wa kuwashika, kwa upole na kwa muda mfupi, huwezi kuwasaidia. Lakini kushika kwa mikono ni tofauti na kufunga. Mkono unasikia mwenzako anapolegea, nao hulegea. Kamba haisikii.

Kabla sijafikiria wazimu, nafikiria mwili. Hili nilifundishwa chuoni, lakini nimelielewa hapa mlimani. Nampima joto, sukari, presha, nafanya kipimo cha haraka cha malaria, namkagua kichwa kama ameanguka, nauliza juu ya kifafa, nauliza juu ya pombe. Huku juu malaria si nyingi, na ndiyo sababu tunaisahau. Nilimpokea binti wa darasa la sita aliyekuwa amefukizwa majani kwa siku mbili kwa sababu anaongea lugha isiyoeleweka na hawatambui wazazi wake. Alikuwa ametoka Ndungu, kwenye mashamba ya mpunga, alikokwenda kumsaidia shangazi. Ilikuwa malaria imepanda kichwani. Kama wangechelewa siku moja zaidi tungekuwa tumemzika huku tukisema alikuwa na mashetani. Na mzee mmoja, mnywaji wa dengelua na gongo wa miaka mingi, aliokoka siku ya ibada akaacha pombe siku hiyo hiyo. Siku ya tatu akaanza kutetemeka, anatoa jasho, anawafuta siafu ukutani ambao hakuna mwingine anayewaona. Familia ilidhani shetani amekasirika kwa kuachwa. Ulikuwa mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla, na hali hiyo inaua. Kwa hiyo naomba watu wasinione mzembe ninapomtoboa kidole mgonjwa anayepiga kelele, badala ya kukimbilia sindano ya kumlaza.

Kijana yule hakuwa na malaria, sukari yake ilikuwa sawa, hakuwa na homa. Tabibu wetu alikuwa Same kwenye semina. Nilitoka nje nikasimama kwenye kona ya tangi la maji, mahali pekee mtandao unaposhika vizuri, nikampigia, tukakubaliana juu ya dawa. Nilikuwa na klopromazini, ambayo sisi wauguzi wa zamani bado tunaiita largaktili. Ni dawa kongwe, ya miaka ya 1950, nayo ilibadilisha hospitali za wagonjwa wa akili dunia nzima, lakini ina tabia zake. Humshusha mtu presha. Ukimchoma halafu akasimama ghafla kwenda haja, anaanguka, anapasuka kichwa, na waliomleta wanasema umemuua. Nilimwambia mjomba: akitaka kukojoa mpe kopo hapa hapa, na usimwache anyanyuke peke yake hata akikuapia.

Tukakaa. Kazi kubwa ya dharura hii ni kukaa, na hakuna aliyenifundisha kuihesabu kama kazi. Aliniambia wanamsikiliza kupitia bati. Sikubishana naye, wala sikumwambia kwamba na mimi nawasikia. Nilimwambia, "Mimi siwasikii. Lakini naona wanakutisha, na mimi siondoki." Akaniuliza kama mlango umefungwa. Nikamwambia umefungwa kwa komeo, ufunguo ninao mimi, akitaka kutoka aniombe. Aliniomba mara mbili, nikafungua mara mbili, tukasimama kizingitini mimi nikiwa nimemshika kiwiko na mjomba kwapa, tukautazama ukungu, tukarudi. Saa kumi na robo alilala. Mjomba wake alilia wakati huo, si kabla.

Asubuhi ndipo matatizo yangu yalipoanza. Zahanati si mahali pa kumlaza mtu wa namna ile. Alihitaji hospitali, aonwe, aanzishiwe dawa za kudumu, akae chini ya uangalizi wiki mbili tatu. Kutoka huku juu gari la abiria hushuka Same alfajiri na kurudi jioni, na masika njia inapokatika haliji kabisa. Kutoka Same mpaka Moshi, ambako kuna hospitali za KCMC na Mawenzi, ni kilomita 100 na ushee za lami. Lami haijawahi kunisumbua. Ni hizi za mwanzo, za udongo mwekundu na kona, ndizo zinazoamua mtu atafika lini.

Kondakta wa gari la alfajiri alikataa. Abiria walikuwa wamekwisha kuingia na habari ilikuwa imeshawafikia. Wa bodaboda walikataa, na sikuwalaumu, kumpakia mshikaki mtu aliyechomwa largaktili ni kumtafutia kifo. Mwenye Noah mmoja alikubali kwa shilingi 120,000, akaweka na sharti: afungwe tena. Nilikaa naye pale kwenye baraza karibu saa nzima. Nilimwambia nitapanda mimi mwenyewe, nitakaa siti ya nyuma na mgonjwa, na akivunja kioo nitalipa. Fedha zilichangwa, mama yake akauza mbuzi kwa bei ambayo nisingependa kuikumbuka. Tuliondoka saa saba mchana. Tangu watu saba walipofika barazani kwangu yalikuwa yamepita karibu masaa 11, na zahanati ilibaki na mhudumu mmoja siku nzima, akina mama wa kliniki wakarudi majumbani bila kupimwa.

Sasa nieleze kwa nini masaa hayo 11 yananiuma mpaka leo.

Miezi michache baadaye aliletwa mama mdogo, amejifungua salama hapa hapa kwangu wiki tatu kabla. Halali. Anasema mtoto aliyenaye si wake, amebadilishwa, wa kwake yuko chini ya ndiva. Wasiokulia Upareni hawataijua ndiva: ni bwawa dogo la kuhifadhia maji ya mfereji wa umwagiliaji, wazee walijenga mengi. Alikuwa amekutwa alfajiri amesimama ukingoni na kichanga mgongoni. Wauguzi tunaujua ugonjwa huu, ni wazimu wa uzazi, si wa kawaida lakini ni wa hatari, humpata mama katika wiki za mwanzo na unatibika vizuri sana. Nilifanya kila nilichofanya kwa yule kijana. Kisha nikapiga 115.

115 ni namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ambao serikali iliamua mwaka 2022 usambazwe nchi nzima. Anayepokea simu anauliza maswali machache, anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu anampigia dereva wa jamii, yaani mtu wa kawaida mwenye gari aliyeandikishwa na kufundishwa, ambaye safari yake italipwa na mpango. Mama yule alikuwa ndani ya siku 42 za uzazi. Gari lilifika. Hakuna aliyeuliza kama atavunja kioo, hakuna mbuzi aliyeuzwa. Kabla ya saa sita mchana alikuwa kitandani hospitalini na mtoto wake pembeni anaangaliwa na bibi.

Ni mlima ule ule na matope yale yale. Akili zote mbili zilikuwa zimepoteza njia kwa namna inayofanana sana. Mmoja alikuwa na namba ya kupiga kwa sababu alikuwa amezaa, kwa mwingine ikabidi mbuzi wa mama yake auzwe. Ndipo nilipoacha kusema kwamba tatizo letu ni jiografia. Nilikuwa nimeamini hivyo kwa zaidi ya miaka 20, na ilikuwa imani ya kunifariji, kwa kuwa mlima hauwezi kulaumiwa. Tumekwisha kuthibitisha kwamba tukiamua kitu fulani ni dharura, gari hupanda Mhezi. Tuliamua hivyo juu ya uzazi, na ninashukuru, maana zamani niliwazika akina mama. Mtu aliyerukwa na akili hatujaamua.

Zipo namba nyingine na ninazibandika: 112 ya polisi, 116 ya simu ya mtoto, 199 ya Wizara ya Afya ya kuulizia mambo ya afya. Zote zina kazi yake. Lakini nikipiga 112 kwa ajili ya mgonjwa, ninachoweza kutumiwa ni askari, na askari akija na pingu nimerudi kwenye kamba ya katani. Tangu 2008 tunayo Sheria ya Afya ya Akili, iliyochukua nafasi ya sheria ya wakoloni, na nia yake ni kwamba mtu huyu apelekwe kwenye matibabu, asiwekwe mahabusu. Nimemwomba mtendaji wa kijiji aandike barua ya kumtambulisha mgonjwa kila anaposhuka, na barua hiyo yenye muhuri imewalainisha madereva na askari wa barabarani kuliko maneno yangu yote.

Kuna mtu mwingine lazima nimseme, ingawa nimeahirisha mpaka hapa.

Alikuwa baba wa watoto wanne. Sitaeleza zaidi, watu wa kijiji ni wachache. Alikuja zahanati siku ya soko, analalamika kichwa na kukosa usingizi. Foleni ilikuwa ndefu. Nikampima presha, ilikuwa nzuri, nikampa panadol, nikamwandika kwenye kitabu cha MTUHA, daftari letu la wagonjwa: maumivu ya kichwa. Alipokuwa anaondoka akasema, "Nesi, umetufanyia mengi, Mungu akulipe." Niliitikia amina nikamwita anayefuata. Siku chache baadaye alimwambia jirani yake, "Wale watoto mtaniangalizia," na jirani akadhani anasafiri.

Alijidhuru jioni, saa ya magharibi. Familia ilimkuta akiwa hai. Walimleta kwangu alfajiri.

Usiku mzima walikuwa wanabishana. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na hata asiyejua namba ya kifungu anajua habari hiyo. Mmoja alisema wakimpeleka atakamatwa. Mwingine akasema hatatibiwa bila PF3, fomu ya polisi, na kituo cha polisi kiko mbali. Wa tatu akasema aibu hii itawafuata watoto mpaka kwenye ndoa zao. Wakampa maziwa, wakamwombea, wakangoja kupambazuke. Alifariki mikononi mwangu saa moja kasoro asubuhi. Sikuwakaripia. Walimpenda, walikuwa wanamlinda dhidi ya sheria.

Nasema hapa kwa kila mtu atakayesoma au kusomewa: mlete. Mlete usiku, mlete bila karatasi yoyote. Mtu anayekufa anatibiwa kwanza, fomu hutafutwa baadaye, na sijawahi kumwomba mtu PF3 mlangoni wala sitamwomba. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, kinachofanana na hicho cha kwetu, kinapingana na katiba. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa napanga dawa, nikakaa kwenye kiti. Nilifikiria ule usiku kuanzia magharibi mpaka alfajiri, na nani angekuwa na haja ya kubishana.

Na mimi sehemu yangu ninaijua. Sikumwuliza. Nilikuwa naogopa, kama wengi wanavyoogopa, kwamba ukimwuliza mtu kama anafikiria kujiua unamfundisha. Si kweli. Wanaofikiria huwa wameshafikiria muda mrefu peke yao, na swali huwapunguzia upweke. Sasa nauliza. Kwa mtu mzima wa huku huwezi kuanza moja kwa moja, ni kukosa heshima, atafunga mlango. Naanza na usingizi. Halafu chakula: makande yanapita? Halafu shamba, kama bado anakwenda. Halafu naweka kalamu chini na kusema, "Baba, watu wakichoka hivi, wengine hufika mahali wakaona bora wasiwepo. Umefika hapo?" Nimeuliza swali hili kwa wazee wa kanisa, kwa wanafunzi wa sekondari, kwa mgambo mmoja mrefu aliyeangua kilio kabla sijamaliza sentensi. Wakiitikia ndiyo nauliza tena: umeshapanga utakavyofanya? Una kitu nyumbani? Anayejibu ndiyo ya pili harudi nyumbani peke yake siku hiyo. Namwita ndugu anayemtaka yeye, tunakwenda pamoja, na dawa za shambani zinahamia kwa jirani siku hiyo hiyo na kufungiwa kwa kufuli. Ni jambo dogo mno mtu akilitazama kwa mbali. Kufuli ya shilingi elfu chache. Lakini saa mbaya kabisa kwa wengi hupita, na mtu anayekuta kufuli huwa amepata nusu saa, na katika nusu saa mjomba anaweza kufika.

Watu wananiuliza kwa nini nakazania ndugu na majirani badala ya kuwapeleka wote Mirembe. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, imekuwapo tangu 1927, nilikwenda huko kwa mazoezi nikiwa mwanafunzi, na nilichokiona ni wauguzi wanaofanya kazi ngumu na wagonjwa wanaopona na kurudi kwao. Lakini lugha yetu imelifanya jina hilo tusi. Mtoto akikosea hesabu, wenzake wanamwambia akapimwe Mirembe. Wakenya wamelifanyia hivyo jina la hospitali yao ya Mathari, Wazanzibari Kidongo Chekundu. Kwa hiyo mama akisikia mwanawe ameandikiwa rufaa ya huko anasikia hukumu, na anamficha. Ninapotaja hospitali ya Lutindi sura yake hubadilika kidogo, kwa sababu Lutindi iko milimani kama sisi, ni ya kanisa, na wazee wameisikia tangu utotoni. Wamisionari wa Kijerumani waliifungua mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia 1904 ikawa inapokea wagonjwa wa akili, ya kwanza katika Afrika Mashariki yote. Unashuka Same, unafuata barabara ya Hedaru na Mombo mpaka Korogwe, halafu unapanda Usambara. Nilifika kwa mara ya kwanza nikimsindikiza mgonjwa. Nilikuta watu wakifanya kazi kwenye chai, ikanichukua muda kujua yupi ni mgonjwa na yupi mwajiriwa. Mama niliyekwenda naye alisema, "Kumbe wanapewa majembe." Kwake jembe lilikuwa ushahidi kwamba mwanawe bado anahesabiwa kuwa mtu.

Hata hivyo Lutindi, Mirembe na KCMC ni mwisho wa njia. Mwanzo wake uko hapa, na tumejaribu kuujenga kwa vile tulivyonavyo. Tulianza na mganga wa kienyeji, mzee ninayemheshimu, kwa sababu watu humwendea yeye kabla yangu na wataendelea. Sikumwambia aache. Nilimwomba mambo mawili: mwenye homa au aliyepoteza fahamu aje kwangu kwanza kisha nitamrudishia, na asiwafunge. La kwanza alilikubali papo hapo. La pili lilichukua mwaka. Sasa ananipigia simu yeye mwenyewe, na mara ya mwisho alimleta mgonjwa ameshikwa mikono na wanawe wawili, akaniambia kwa fahari, "Angalia, hana alama."

Kisha mkutano wa kijiji. Nilisimama nikasimulia habari za Noah na mbuzi, bila jina la mtu. Sisi Wapare tuna msaragambo, kazi ya wote, baragumu likilia unachukua jembe lako na kwenda kutengeneza barabara au mfereji bila kuuliza utalipwa nini. Mzee mmoja akauliza kwa nini barabara ina msaragambo na mtu anayepita juu yake hana. Swali lile lilifanya kazi kuliko hotuba yangu. Ikakubaliwa kaya zichangie kidogo kila baada ya mavuno, fedha zikae kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na zitumike kwa safari ya dharura yoyote ambayo 115 haiihusu. Haikuwa rahisi, na kuna kitongoji kimoja kilikataa kwa miezi. Tukachagua watu wawili kila kitongoji, wanaume na wanawake, ambao mtu akichanganyikiwa wao ndio wataitwa kabla ya mgambo. Nimewafundisha kushika bila kuumiza, kuongea taratibu, kuondoa panga na jembe kimya kimya, kuwatoa watoto, kuzima redio. Wengi wao ni bibi. Kule Zimbabwe, tangu 2006, akina bibi wamefundishwa kukaa benchini na watu wenye sonona na kuwasikiliza, na utafiti umeonyesha inasaidia. Sikuwa nimesikia habari hizo nilipowachagua bibi zetu. Niliwachagua kwa sababu kijana anayempiga baba yake mara nyingi hathubutu kumpiga bibi.

Dawa ndiyo bado inanitoa jasho. Mtu akitulia na kurudi nyumbani, sindano yake ya kila mwezi isipokuwepo, tunarudi kwenye machela. Matibabu ya ugonjwa wa akili yamo kwenye orodha ya yanayosamehewa malipo, lakini msamaha wa kitu kisichokuwepo stoo haumsaidii mgonjwa. Ninaandika maombi, napiga simu, nimejifunza kuagiza miezi miwili kabla. Mama wa yule kijana wa Mererani huja tarehe 1 kila mwezi kuuliza kama chupa zimefika, siku tano kabla ya siku ya mwanawe. Mwezi mmoja hazikufika. Alishuka Same mwenyewe akazinunua kwenye duka la dawa kwa fedha za tangawizi. Kijana analima, amejenga banda la kuku. Akilala vibaya siku mbili mfululizo anakuja bila kuletwa, anakaa kwenye benchi la akina mama wa kliniki, anangoja zamu yake.

Ukutani kwangu, juu ya meza ya kitabu cha MTUHA, kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: tabibu, mtendaji, mwenyekiti, mtunza fedha wa kikundi, wale wawili wawili wa vitongoji, madereva watatu. Nakala yake iko kwa balozi wa nyumba kumi, kwa mchungaji, dukani, na kwa mganga. Wiki iliyopita nilifuta namba ya dereva aliyehamia Hedaru nikaandika ya mdogo wake. Nilimpigia pale pale, nimesimama kwenye kona ya tangi la maji, ili nijue kama inaita. Aliuliza nani anaumwa. Nikamwambia hakuna, leo hakuna, nahakikisha tu kwamba huwa huzimi simu usiku.

"Sizimi, mama," akasema.

Kesho yake, saa tano za usiku, nilimpigia tena bila kumwarifu. Iliita mara nne, akapokea.